Damu Imepungua kwa Sababu Gani?



Yupo daktari ambaye wazazi wengi hawamjui mpaka siku wanapomhitaji. Ni daktari wa damu na saratani za watoto. Amesomea udaktari kama wenzake, akabobea katika magonjwa ya watoto, kisha akarudi darasani miaka mingine kwa ajili ya damu na saratani tu. Wengine huuliza mambo hayo mawili yamekutanaje kwa mtu mmoja. Yamekutana ndani ya mfupa. Damu inatengenezwa kwenye uloto, na saratani ya damu, inayowapata watoto kuliko nyingine zote duniani, huanzia hapo hapo kwenye uloto.

Madaktari hawa kwetu Afrika Mashariki ni wachache, na wengi wako kwenye hospitali kubwa: Muhimbili, Bugando, Mulago, Kenyatta, Eldoret. Mtoto wa Tunduru au wa Lodwar mpaka aonwe na mmoja wao ameshapita kwa bibi, duka la dawa, zahanati, kituo cha afya, na pengine kwa mganga. Mazungumzo yangu ya leo yanawahusu hao wote walio njiani, kwa sababu huko njiani ndiko tunakowapoteza watoto wengi.

Nimekaa na kina mama kwenye benchi la kliniki ya damu. Kila mmoja ana mfuko wake wa plastiki, na ndani mna madaftari ya hospitali yaliyochakaa kwenye kona. Ukiruhusiwa kuyafungua utasoma hadithi inayofanana. Malaria, dawa mseto. Wiki tatu baadaye, malaria tena. Homa ya matumbo. Malaria. Halafu unakuta maneno yaliyopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu: upungufu mkubwa wa damu, HB 4, ameongezwa damu, ameruhusiwa. Miezi miwili mbele, maneno ni hayo hayo. Mtoto ameongezwa damu mara ya tatu, mara ya nne, na katika kurasa zote hizo hakuna aliyeandika ile damu ilikwenda wapi.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. HB, yaani kipimo cha wingi wa damu, ya mtoto wa miaka miwili mpaka mitano inatakiwa iwe 11 au zaidi. Ikifika nne, kumwongeza damu ni kumwokoa, na wauguzi wanaofanya hivyo usiku wa manane tunawashukuru. Lakini chupa ile inarudisha kilichopungua tu. Damu hupungua kwa njia tatu: ama haitengenezwi ya kutosha, ama inavuja, ama inavunjwa ndani ya mwili kabla ya wakati wake. Mzazi ana haki ya kuuliza kabla hajatia sahihi ya kuruhusiwa: daktari, damu ya mwanangu imepungua kwa sababu gani? Swali hilo halimtukani mtu.

Sababu iliyoenea kuliko zote ni ya chakula. Chembe nyekundu zinahitaji madini ya chuma, na mtoto anayekuzwa kwa uji mweupe, chai ya rangi na kipande cha mkate hana pa kuyapata. Tena chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia hata yale machache yasiingie mwilini. Mwangalie mtoto anayelamba ukuta, anayekula udongo, anayeokota mkaa jikoni. Sisi watu wazima humkaripia, tukamchapa. Mara nyingi mtoto huyo amepungukiwa chuma, na akitibiwa, hamu ya udongo humwisha yenyewe. Kuna na minyoo ya safura, inayoingia kupitia nyayo za mtoto anayetembea pekupeku, ikakaa utumboni kunyonya damu. Haya yote yanatibika palepale wilayani: dawa ya minyoo, dawa ya chuma, viatu, maini, dagaa, maharage na mboga zilizokamuliwa ndimu. Juisi ya rozela na bitiruti tunayoshauriana kila siku sina ugomvi nayo kwa mtoto mwenye afya. Kwa mwenye HB 5 inamchelewesha, na siku anazocheleweshwa ndizo alizopaswa kuwa wodini.

Lakini si kila upungufu wa damu ni wa chuma, na sasa nakuja kwenye ugonjwa ninaotaka tukae nao zaidi. Selimundu. Wengi tunauita sikoseli. Tanzania peke yake inakadiriwa kuzaa watoto 11,000 hivi kila mwaka wenye ugonjwa huu, na Uganda, Kenya na Kongo wana mzigo wao mkubwa. Chembe nyekundu ya kawaida ni ya mviringo na laini, inapenya kwenye mishipa midogo kabisa, na huishi siku 120 hivi. Ya mtoto wa selimundu, ikipungukiwa hewa ya oksijeni, hujikunja ikawa ngumu na yenye umbo la mundu. Huishi siku kumi, pengine ishirini. Uloto unafanya kazi usiku na mchana na haufikii mahitaji, ndiyo maana macho ya mtoto ni ya manjano na HB yake ya kawaida ni saba au nane. Zile chembe ngumu zikiziba mishipa, sehemu iliyozibiwa hukosa damu, na maumivu yake yanamfanya mtoto mkubwa, mwenye akili zake, alie mpaka sauti ikauke.

Mtoto huyu huzaliwa mzuri kabisa. Miezi ya kwanza damu yake bado ni ile aliyotoka nayo tumboni kwa mama, ambayo haijikunji. Mnamo mwezi wa sita inabadilika, na siku moja vidole vya mikono na miguu vinavimba, mtoto hataki kuguswa. Nyumbani watasema ameumwa na mdudu, au kuna jicho baya. Kwenye duka la dawa watampa ya maumivu. Uvimbe utaisha baada ya siku kadhaa, na wote watasahau. Muuguzi wa kliniki anayenisikiliza, nakuomba: mtoto wa miezi sita mpaka miaka miwili mwenye mikono na miguu iliyovimba, mwandikie kipimo cha selimundu siku hiyo hiyo. Siku hizi kipo cha haraka, kinahitaji tone moja la damu ya kidoleni na majibu hutoka ndani ya dakika chache.

Ugonjwa huu umekuja kwetu kwa njia ambayo inafaa kila familia iielewe, maana kutoielewa kumevunja ndoa nyingi bila haki. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa pwani, wa kando ya Ziwa Victoria na wa nyanda za juu. Akakuta pwani na ziwani wako wengi waliobeba urithi wa selimundu, mahali pengine mmoja kati ya watano, na nyanda za juu karibu hakuna. Mwaka 1954 akaeleza kwa nini: malaria. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye kwenye majibu huandikwa AS, haumwi selimundu, na tena ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu babu zetu wa pwani waliobeba urithi huo waliishi wakazaa, na urithi ukaenea. Taabu inakuja pale baba ni AS na mama ni AS. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kila mimba, msikilizaji. Wawili wa kwanza wakiwa wazima haina maana wa tatu amesalimika, na wa kwanza akiwa mgonjwa haina maana wanaofuata wako salama. Mume anayemwambia mkewe kwamba kwao hakuna ugonjwa huo, mtoto ameutoa ukoo wa mama, amekosea. Mtoto wa SS, yaani mwenye selimundu, amerithi pande zote mbili. Kwenye benchi lile kina mama wengi wako peke yao, na baadhi yao waliachwa kwa maneno hayo.

Sasa nieleze kitu kimoja nilichokishuhudia kikifundishwa, maana nataka kila mzazi wa mtoto wa selimundu akijue leo. Muuguzi alimlaza mtoto chali mezani, akamkunja magoti ili tumbo lilegee. Akachukua mkono wa mama yake, akavilaza vidole vitatu chini ya mbavu za kushoto, akasema, "Bonyeza taratibu anapovuta pumzi, dada." Mama akabonyeza, akasema hasikii kitu. Muuguzi akavisogeza kidogo kuelekea kitovuni. "Hapa je?" Mama akanyamaza, halafu akasema kuna kitu kinagonga vidole, kina ukingo. Ile ndiyo bandama. Muuguzi akachora mstari kwa kalamu juu ya ngozi pale ukingo ulipo, akampa mama kijiti cha kupimia urefu kutoka ubavuni. Kila asubuhi apime. Kwa mtoto mdogo wa selimundu, bandama inaweza kukamata damu nyingi ghafla, HB ikashuka kutoka saba mpaka tatu ndani ya saa chache, na mtoto akafa kabla jua halijazama. Mama anayejua kupima ataona bandama imevuka mstari, mtoto ameparara, na atakimbia hospitali akijua la kusema. Jamaika, Daktari Graham Serjeant na wenzake walianza kuwafundisha wazazi jambo hili, na vifo vya watoto kwa sababu ya bandama vikapungua sana. Hakuna mashine pale. Ni vidole vya mama.

Mengine nayo si ya gharama kubwa. Penisilini ya kunywa kila siku mpaka miaka mitano: mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba dawa hiyo inapunguza maambukizi makali ya bakteria kwa zaidi ya asilimia 80, na haikuwa haki kuendelea kuwanyima watoto waliokuwa hawapewi. Chanjo zote zikamilike. Chandarua kila usiku. Maji mengi. Homa ya nyuzi 38.5 na kuendelea ni hospitali usiku huo huo, siyo panado na kusubiri kukuche. Vidonge vya chuma asipewe bila kupimwa, maana aliyeongezwa damu mara nyingi huenda chuma kimeshamzidi. Na mzazi aijue HB ya kawaida ya mwanawe, aiandike nyuma ya kadi, ili daktari mgeni akiona saba ajue kama leo imeshuka au ndivyo alivyo siku zote.

Halafu kuna haidroksiyurea. Dawa hii huamsha ile damu ya utotoni isiyojikunja. Kwa miaka mingi ilisemekana huenda isifae Afrika, kwamba pengine itawaongezea watoto malaria na maambukizi mengine. Likafanyika jaribio kwa watoto wapatao 600 huko Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Maumivu yalipungua, kuongezwa damu kulipungua, malaria yenyewe ilipungua, na vifo vilipungua. Ni watoto wetu waliothibitisha hilo, na sioni sababu dawa hiyo ikosekane kwenye famasi ya hospitali yoyote ya mkoa. Upandikizaji wa uloto nao upo, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshaufanya kwa watoto wenye selimundu. Unahitaji ndugu wa kutoa uloto unaooana na fedha nyingi, kwa hiyo kwa wengi kidonge ndicho kilicho karibu.

Kwaku Ohene-Frempong alikuwa daktari wa damu na saratani za watoto, Mghana aliyefanya kazi Philadelphia, Marekani. Mwanawe mwenyewe alizaliwa na selimundu. Angeweza kubaki huko maisha yake yote akiwatibu waliofika mlangoni kwake. Miaka ya 1990 alianzisha Kumasi, Ghana, upimaji wa watoto wachanga, tone la damu kisiginoni, kabla ya ugonjwa kuonekana. Alifariki mwaka 2022. Namheshimu kwa kuwa alielewa kwamba ubingwa wake usingesaidia kitu kama mtoto anafika ameshachelewa. Hapa Tanzania Profesa Julie Makani na wenzake pale Muhimbili wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004, na mengi tunayoyajua kuhusu ugonjwa huu kwa watoto wa Kitanzania yametoka kwao. Bila kupima wachanga, inakadiriwa nusu ya watoto hawa au zaidi barani Afrika hufa kabla ya miaka mitano, na wengi wao huzikwa kwa jina la malaria.

Kuhusu kuvuja damu nitasema machache. Hemofilia hurithiwa kupitia kwa mama na huwapata zaidi wavulana, na ile iliyo ya kawaida hupata takriban mvulana mmoja katika 5,000. Kwetu hujitokeza jandoni. Wenzake wamepona, yeye jeraha linatoka damu siku ya pili, siku ya tatu. Ngariba wanaonisikiliza, na ninyi mnaotahiri kwenye zahanati, muulizeni mama kwanza: je, kaka zako au wajomba zako, kuna aliyetoka damu sana alipotahiriwa au alipong'olewa jino? Akisema yupo, mtoto apimwe kwanza, tohara isubiri. Na mtoto aliyekuwa mzima kabisa, wiki mbili baada ya mafua akaamka na vidoti vyekundu miguuni na michubuko asiyojua ameipata wapi, huenda chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimeshuka. Wengi wa hao hupona, lakini ni lazima waonwe na kupimwa, kwa sababu saratani ya damu huweza kuja kwa sura hiyo hiyo.

Ipo na saratani nyingine ya watoto. Mwaka 1957, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwangalia mvulana wa miaka mitano ambaye taya zake zilivimba pembe zote nne. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akachungulia dirishani na kumwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Akaanza kuuliza. Mwaka 1961 yeye na rafiki zake wawili wakapanda gari lililotumika, wakasafiri wiki kumi kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, karibu kilomita 16,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na picha za watoto mkononi: je, mmewahi kuwaona hawa? Wakagundua kwamba ugonjwa unakaa kwenye joto na mvua, palepale penye malaria nyingi. Mwaka 1964, kutokana na vinyama vya uvimbe vilivyosafirishwa kutoka Kampala mpaka London, kikagunduliwa kirusi cha kwanza kinachohusishwa na saratani ya binadamu. Uvimbe huo leo unabeba jina la Burkitt. Unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu, na kwa kuwa unakua haraka hivyo, dawa nazo huukamata haraka. Mtoto akiwahishwa anaweza kupona kabisa.

Lakini huanza kama jino linalolegea. Anapelekwa kung'olewa. La pili linalegea, linang'olewa nalo. Uvimbe wa taya unaokua wiki kwa wiki, au tumbo linalojaa, si jambo la kusubiri likizo ya shule. Vivyo hivyo homa isiyosikia dawa pamoja na kuparara, mifupa kuuma usiku, mtoto kuanza kuchechemea bila kuanguka, tezi za shingoni kuvimba. Katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika 100 wenye saratani hupona. Katika nchi maskini hawafiki 30, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliweka lengo la angalau 60 ifikapo 2030. Kinachotutenga nao ni kuchelewa, dawa kukosekana, na familia kukatiza matibabu katikati. Saratani ya damu iliyo ya kawaida kwa watoto hutibiwa miaka miwili mpaka mitatu. Baada ya mwezi mmoja mtoto huonekana amepona, anacheza, nauli imekwisha, mbuzi wameuzwa, na baba anasema turudi nyumbani. Ugonjwa ukirudi, huwa mgumu zaidi. Ndugu na jirani, mkitaka kumchangia mtoto wa namna hii, mchangieni nauli ya mwezi wa sita na wa kumi. Ya siku ya kwanza huwa inapatikana.

Moja ya dawa zinazowaponya, vinkristini, hutoka kwenye mmea wa asili ya Madagaska, wenye ua dogo la petali tano, jeupe au la waridi, unaoota kwenye nyua nyingi za pwani. Nawaomba sana msiuchemshe. Ukiwa mzima una sumu, na dawa yake hupimwa kwa miligramu.

Damu ya kuongezea nayo hutoka kwa watu. Wachangiaji wakubwa kwetu ni wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa akiba hushuka, ilhali wodi za watoto hazifungwi. Mtu mzima mwenye afya anayenisikiliza anaweza kwenda kuchangia Desemba.

Nimalizie na ndoa, kwa sababu barua zenu nyingi ziliuliza hilo. Wengine wanasema AS asioe AS, mashehe na wachungaji wapime wachumba. Naona wachumba wanapimwa wakati umeshapita: mahari imetolewa, ukumbi umelipiwa, na majibu yanafika kama hukumu juu ya watu wawili wanaopendana. Kijana apimwe mapema, akiwa kidato cha tatu au cha nne, na kipimo kiambatane na mtu wa kumweleza maana yake. Ajue yeye ni AA, yaani asiyebeba urithi huo, au AS, kama anavyojua tarehe yake ya kuzaliwa, amwambie mwenzake siku wanapoanza kujuana. Wakiamua kuoana nao wote ni AS, ni uamuzi wao, na mtoto wao apimwe wiki ya kwanza, aanze penisilini mwezi wa pili au wa tatu, mama afundishwe kupima bandama kabla ya mwezi wa sita.